Kupima mawimbi ya ubongo: maswali ya familia za Nyanda za Juu Kusini

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Nimezaliwa Rungwe, nimefanya kazi Iringa, na sasa niko Mbeya. Maswali yaliyo hapa chini nimeulizwa kwa mdomo: kwenye benchi la kusubiria, ndani ya daladala za Uyole, hata msibani. Anayeuliza mara nyingi ni mama au shangazi aliyesikia kwamba kuna mashine ya kupima mawimbi ya ubongo, na anatamani hatimaye ajue mwanawe anaumwa nini. Wengine wameshauza mpunga au mbao kutafuta nauli. Pale ambapo kukosea kunaweza kumgharimu mgonjwa nimejibu kwa kirefu. Kwingine nimekatisha.

Kipimo hiki kinapima nini?

Ubongo hufanya kazi kwa umeme. Seli zake hupashana habari kwa chaji ndogo ndogo, na maelfu kwa maelfu zinapofanya hivyo kwa pamoja, umeme wao hupenya fuvu ukafika kwenye ngozi ya kichwa. Hapo ndipo fundi anapobandika vidude vya chuma vyenye nyaya. Kwa kawaida huwa 21, kila kimoja mahali pake, kwa mpangilio ambao Herbert Jasper wa Montreal aliuchapisha mwaka 1958 na unaofuatwa hadi leo duniani kote.

Umeme wenyewe ni hafifu mno. Hupimwa kwa mikrovolti, yaani sehemu moja ya milioni ya volti, na kwa mtu mzima mara nyingi ni kati ya 10 na 100. Betri moja ya tochi ina volti 1.5. Mashine inabidi iukuze umeme huo mara nyingi ndipo michirizi ionekane kwenye kompyuta. Ndiyo maana mgonjwa huambiwa atulie: hata kukunja uso au kutafuna kunachafua picha.

Kwenye karatasi ya rufaa utaona herufi EEG. Ndicho hicho.

Kinapitisha umeme kichwani? Kinauma?

Hapana kwa yote mawili. Mashine inapokea tu, kama redio inavyopokea matangazo. Watu wengi wanaichanganya na ECT, tiba ya mshtuko wa umeme inayotolewa mgonjwa akiwa ameshalazwa usingizi wa dawa. Ile ni tiba, hii ni kipimo. Hakuna mionzi pia, kwa hiyo mjamzito na mtoto mchanga wanapimwa bila wasiwasi. Mgonjwa hulala au hukaa kwa dakika 20 hadi 30, anafumba na kufumbua macho, anapumua kwa nguvu kama dakika 3, kisha anamulikwa taa inayowakawaka.

Je, daktari atasoma mawazo ya mtu au siri zake?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, na vijana hasa ndio wanaoogopa. Hapana, hatasoma.

Ajabu ni kwamba aliyeanzisha kipimo hiki kwa binadamu alikuwa akitafuta kitu cha namna hiyo. Hans Berger, daktari wa magonjwa ya akili wa mji wa Jena, Ujerumani, aliwahi kuanguka kutoka kwenye farasi wakati wa mafunzo ya jeshi, akaponea chupuchupu. Jioni ileile ikamfikia simu ya maandishi kutoka kwa baba yake. Dada yake, aliyekuwa mbali, alikuwa ameshikwa na hofu kwamba kaka yake yuko hatarini. Berger alitumia maisha yake kutafuta nguvu inayoweza kupeleka wazo kutoka kichwa kimoja hadi kingine. Mwaka 1924 alifanikiwa kunasa umeme wa ubongo wa mtu aliye hai, akauchapisha mwaka 1929. Mawazo hakuyapata. Alipata kwamba mtu akifumba macho, nyuma ya kichwa hutokea mawimbi ya kama 10 kwa sekunde, na akifumbua yanapotea.

Delta, theta, alfa, beta: mawimbi mabaya ni yapi?

Hakuna wimbi baya. Mawimbi yamepewa majina kwa kuhesabu yanapita mangapi kwa sekunde moja, na hesabu hiyo huitwa hezi. Delta ni chini ya 4, ni ya usingizi mzito. Theta ni 4 hadi 8, ya kusinzia. Alfa ni 8 hadi 13, ya mtu aliye macho lakini ametulia na kufumba macho. Beta ni 13 hadi 30, ya mtu aliye macho na shughuli zake, na gama ni zaidi ya hapo.

Kinachoangaliwa ni wimbi gani limetokea kwa nani, wakati gani, upande upi. Delta kwa mtoto aliyelala ni afya tele. Delta hiyohiyo kwa baba wa miaka 40 aliye macho anaongea ni dalili kwamba kuna kitu ubongoni.

Kipimo kinaweza kuonyesha kwamba mtu ana sonona, skizofrenia au bipola?

Hapana. Sonona ni huzuni nzito isiyoondoka, skizofrenia ni ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini mambo yasiyokuwepo, na bipola ni hisia kupanda na kushuka kupita kiasi. Naomba jibu hili lisomwe mara mbili, kwa sababu ndipo watu wanapopoteza fedha na muda.

Si kwamba ubongo wa mwenye magonjwa haya hauna tofauti yoyote. Chukua mfano wa wimbi linaloitwa P300, lililoelezwa na Samuel Sutton na wenzake mwaka 1965. Mtu akisikiliza mlio uleule ukijirudia, halafu ghafla ukaja mlio tofauti, baada ya kama milisekunde 300 ubongo hutoa wimbi la kushtukia. Ukichukua kundi la watu wenye skizofrenia na kundi la wasio nayo, wastani wa wimbi hilo huwa mdogo kwa wagonjwa. Jambo hili limerudiwa kwenye tafiti nyingi.

Lakini wastani wa kundi si jibu la mtu mmoja. Wapime urefu wanaume na wanawake wote wa soko la Mwanjelwa: wastani wa wanaume utakuwa juu. Sasa nikikuambia mtu fulani ana futi tano na inchi sita, utaapa kwamba ni mwanamume? Huwezi. Mawimbi ya sonona na bipola ni hivyo hivyo. Wagonjwa wengi wanaangukia ndani ya hali ya kawaida, na wazima wengi wanaangukia ndani ya hali ya wagonjwa.

Magonjwa haya yanatambuliwa kwa mazungumzo ya kina, historia kutoka kwa wanaoishi na mgonjwa, na kumfuatilia kwa muda. Najua mtu aliyesafiri kutoka Ludewa hataki kusikia kwamba kipimo kikubwa ni maswali. Lakini saa nzima pamoja na dada wa mgonjwa, anayejua lini aliacha kulala na lini alianza kufunika vioo kwa khanga, inatuambia mengi kuliko mashine yoyote tuliyo nayo.

Kama ni hivyo, kwa nini daktari wa akili amemwandikia mgonjwa wetu kipimo hiki?

Kwa sababu kuna magonjwa yanayovaa nguo za wazimu. Kipimo kinasaidia kuyavua nguo hizo.

La kwanza ni kifafa, na sina maana ya kile cha kuanguka na kutoka povu peke yake. Kuna kifafa kinachoanzia sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio. Mtu haanguki. Anahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, au harufu ya kitu kinachoungua ambayo wengine hawaisikii, au hofu kali isiyo na sababu. Kisha anakodoa macho, anatafunatafuna, anachezea vifungo vya shati, haitiki akiitwa. Dakika moja au mbili, imekwisha. Akipata mfululizo wa matukio hayo anaweza kurudi katika hali yake, akaonekana mzima kwa siku moja hadi tatu, halafu akachanganyikiwa kabisa: anasikia sauti, anasema anafuatwa. Familia inaona ule wazimu tu. Ile nafasi ya siku chache katikati inaficha mwanzo wake.

Niliwahi kumhudumia kijana wa namna hiyo (nimebadilisha baadhi ya mambo asitambulike). Mjomba wake alimleta akiwa amefungwa kamba mikononi. Kwa miaka miwili alikuwa anatibiwa kama mgonjwa wa skizofrenia. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemchoma sindano ya kumtuliza mara mbili, bila hata siku moja kumuuliza mjomba: "Kabla hajachanganyikiwa, huwa anafanyaje?" Siku daktari mgeni alipouliza, mjomba alijibu bila kufikiri, "Huwa anatafuna kama mbuzi, halafu anasema mpira unaungua." Kipimo kilichofanyika akiwa amelala kilionyesha miiba, ndivyo tunavyoita mawimbi makali yenye ncha, upande wa kushoto usawa wa sikio. Alianzishiwa dawa ya kifafa. Leo ana randa yake mkononi, anatengeneza milango. Tangu siku ile swali aliloulizwa mjomba ndilo swali langu la kwanza.

La pili ni kuchanganyikiwa kunakotokana na mwili kuumwa: maambukizi, ini au figo kushindwa, malaria kali, sukari, au mtu aliyezoea komoni au gongo kila siku akaacha ghafla. Mwaka 1944 madaktari George Engel na John Romano walionyesha kwamba katika hali hiyo mawimbi ya ubongo mara nyingi huwa ya polepole, na yanarudi kadiri mgonjwa anavyopona. Aliyeacha pombe ghafla ni tofauti kidogo: mawimbi yake huwa ya haraka, na anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo. Bibi wa miaka 75 aliyeanza kuona watu ukutani tangu juzi hajaanza skizofrenia uzeeni. Mpelekeni hospitali leo, msisubiri kliniki ya akili ya wiki ijayo.

La tatu ni kinga ya mwili inapoushambulia ubongo. Kundi la Josep Dalmau lilieleza aina mojawapo mwaka 2007, na mara nyingi huwapata wasichana na wanawake vijana. Huanza kama wazimu wa ghafla, kisha huja degedege, kukakamaa, midomo kuchezacheza. Kipimo cha mawimbi karibu kila mara kinakuwa na kasoro. Inatibika, lakini siyo kwa dawa za kutuliza akili peke yake.

Minyoo ya nguruwe inahusianaje na kichwa?

Inahusiana sana, na sisi wa nyanda za juu tunapaswa kulijua hili kuliko Watanzania wengine. Mbozi ni moja ya wilaya ambako watafiti wameukuta ugonjwa huu kwa nguruwe na kwa watu.

Ukila kitimoto kisichoiva vizuri kutoka kwa nguruwe mwenye vifuko vya tegu, mnyoo mrefu ulio bapa, unapata tegu tumboni. Huyo hapandi kichwani. Hatari ni mayai yake, yanayotoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu. Mwingine akiyameza kwenye maji, mboga au mkono usiooshwa, yanasafiri kwa damu na kujenga vifuko ndani ya ubongo. Kwa hiyo hata asiyegusa nguruwe maisha yake yote anaweza kupata. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo yenye tegu huyu, karibu asilimia 30 ya kifafa hutokana naye.

Mashine ya mawimbi haioni mnyoo. Inaona umeme uliovurugika mahali alipo. Vifuko vyenyewe vinaonekana kwa vipimo vya picha ya ubongo, CT au MRI. Na tafadhali, usinunue dawa ya tegu dukani ukampa mtu mwenye kifafa kwa kubahatisha: vifuko vikifa kwa pamoja ubongo unaweza kuvimba. Dawa hizo hutolewa chini ya daktari, mara nyingi pamoja na dawa ya kupunguza uvimbe.

Majibu yametoka ya kawaida. Ina maana mgonjwa anaigiza?

Hapana, hapana, hapana. Kipimo kimoja cha kawaida kinaweza kuwa safi kwa karibu nusu ya watu wenye kifafa. Ni kama kukaa dakika 30 kando ya barabara ya Tunduma ukisubiri gari jekundu. Usipoliona, hujathibitisha kwamba halipiti. Daktari anaweza kurudia kipimo baada ya mgonjwa kukesha, kwa sababu usingizi hufichua miiba ambayo mtu akiwa macho haionekani.

Kinyume chake pia ni kweli. Kuna watu wazima wa afya wenye kasoro ndogo kwenye mawimbi yao na hawajawahi kuugua. Kifafa kinatambuliwa kwa historia, kipimo kinaongezea tu. Kwa magonjwa ya akili, majibu ya kawaida ndiyo yanayotarajiwa. Mtu mwenye sonona kali, asiyeweza kuinuka kitandani, karatasi yake itakuja safi na maumivu yake ni ya kweli.

Binti yetu anaanguka shuleni na wenzake. Kipimo hakikuonyesha kitu. Wanasema ni mapepo.

Kuna kuanguka ambako si kifafa. Mwili unatikisika, mtu anapoteza fahamu au anakuwa kama hayupo, lakini umeme wa ubongo uko sawa. Husababishwa na msongo ambao akili imeshindwa kuubeba kwa maneno: mitihani, ukatili, msiba, hofu. Binti haigizi. Hawezi kujizuia kwa kuamriwa, na viboko vinazidisha. Likitokea kwa kundi, linaambukiza kwa kuona na kusikia.

Nchi yetu ina mfano unaofundishwa kwenye vyuo vya udaktari duniani. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha, mkoani Kagera, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kuweza kujizuia. Kicheko na kilio vikaenea kwa wasichana 95 kati ya 159, shule ikafungwa, na waliporudi nyumbani vikaenda nao hadi vijijini. Madaktari Rankin na Philip walioandika kisa hicho mwaka 1963 hawakukuta sumu wala maambukizi.

Kitakachomsaidia daktari kuliko vyote ni simu yako. Akianguka tena, mlaze pembeni salama, kisha mpige video tangu mwanzo hadi mwisho, uso na macho yaonekane. Katika kifafa macho mara nyingi huwa wazi, katika kuanguka huku kwingine mara nyingi yamefumbwa kwa nguvu. Video hiyo ni ya daktari peke yake. Usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Ni aibu ya mtoto wa mtu.

Na kuna wenye yote mawili, kifafa na kuanguka kwa msongo. Usimwachishe dawa kwa sababu ya karatasi moja.

Mwalimu anasema mtoto anazubaa darasani. Tumpime mawimbi?

Inategemea anazubaa vipi. Kama katikati ya sentensi anakatika, macho yanaganda sekunde 10, kope zinachezacheza, kisha anaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na hilo linarudi mara nyingi kwa siku, hapo ndipo kipimo hiki kinapong'ara. Tangu mwaka 1935, kazi ya Gibbs, Davis na Lennox kule Boston ilionyesha kwamba kifafa cha kuzubaa kina alama yake: mwiba na wimbi, 3 kwa sekunde, kichwa kizima. Mtoto akiambiwa apumue kwa nguvu, mara nyingi kinakuja palepale mbele ya fundi. Kukitambua kuna maana kubwa, kwani kabamazepini, dawa nzuri kwa aina nyingine za kifafa, inaweza kukizidisha hiki. Nawafikiria watoto waliochapwa kwa kutosikiliza, kumbe kwa sekunde zile hawakuwepo.

Lakini kama mtoto hatulii, anaruka kutoka jambo hili hadi lile, anasahau daftari na kukatiza wenzake, huenda ni ADHD, tatizo la kutotulia na kukosa umakini, na mawimbi hayatakuambia. Mwaka 2013 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu mashine inayolinganisha theta na beta imsaidie daktari katika kuitambua. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa neva cha nchi hiyohiyo kikashauri kipimo hicho kisichukue nafasi ya uchunguzi wa kawaida, kwa kuwa kinaweza kumtia mtoto kwenye kundi lisilo lake.

Kuna tiba ya kufundisha mawimbi. Inaponya?

Inaitwa nyurofidibaki. Mgonjwa anavalishwa nyaya, anaangalia kompyuta, na mchezo au picha inaendelea vizuri pale tu mawimbi yake yanapokwenda upande unaotakiwa. Hurudiwa mara 30 au 40.

Asili yake ni ya kuheshimiwa. Katika miaka ya 1960, Barry Sterman kule Los Angeles aliwafundisha paka kuongeza mawimbi ya 12 hadi 15 kwa sekunde, kwa kuwapa chakula kila walipofanikiwa. Baadaye paka hao walipojaribiwa na kemikali ya roketi inayosababisha degedege, walistahimili kuliko wengine. Ndipo ikajaribiwa kwa watu wenye kifafa, kisha kwa watoto wasiotulia.

Swali lilikuwa: je, kinachosaidia ni mafunzo ya mawimbi, au ni kule kukaa na mtu anayekujali mara 40? Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 kwa watoto 144 wa miaka 7 hadi 10 wenye ADHD lilitoa jibu zuri. Baadhi walipewa mafunzo halisi mara 38, wengine mafunzo ya bandia, na wazazi hawakujua nani yuko wapi. Makundi yote mawili yalipata nafuu, sawasawa. Mwaka 2024 uchambuzi wa majaribio 38 ukasema hivyo hivyo: pale anayetoa alama hajui mtoto alipewa nini, faida inakaribia kutoweka, ingawa mafunzo ya mawimbi yaliyofuata taratibu zilizozoeleka yalionyesha faida ndogo.

Msimamo wangu ni huu. Haidhuru mwili, na aliye na fedha za ziada simkatazi. Lakini familia inayotaka kuuza ng'ombe kwa ajili yake nitaisihi isiuze. Kwa mtoto asiyetulia, mafunzo kwa wazazi na dawa pale inapobidi vina ushahidi mzuri zaidi. Kwa sonona, mazungumzo ya tiba na dawa. Kwa skizofrenia, dawa na ukoo usiomtupa mtu wake.

Nimeona kofia za mawimbi zinauzwa mtandaoni. Na ile ramani ya ubongo yenye rangi?

Kofia za vidude viwili vitatu ni za kujiburudisha au kujifunza kutulia, siyo za kupimia ugonjwa. Ramani yenye rangi ni mawimbi yaleyale yaliyopigwa hesabu na kompyuta na kupakwa rangi. Nyekundu yake haina maana ya ugonjwa. Mgonjwa akikunja taya, ramani inaweza kuwaka pembeni kwa sababu ya msuli tu. Mtu akikuonyesha rangi hizo na kukutajia ugonjwa wa akili hapohapo kabla hajakuuliza historia yako, shika mkoba wako uondoke.

Nywele zifanywe nini?

Vidude vinatakiwa kugusa ngozi. Osha nywele siku moja kabla, usipake mafuta, fumua rasta na ondoa wigi. Jeli itakayopakwa inatoka kwa maji ya uvuguvugu.

Ninajua inavyouma kufumua nywele zilizosukwa juzi kwa fedha ya kukopa, kwa hiyo ulizeni mapema. Mashine hizi zilibuniwa na watu wasiofikiria nywele zetu. Arnelle Etienne, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Carnegie Mellon huko Pittsburgh, alisaidia kubuni vishikizo vinavyobana kati ya mistari ya nywele zilizosukwa kuelekea nyuma, mtindo wetu wa twende kilioni. Kazi hiyo ilitoka mwaka 2020, na natamani ifike huku.

Aache dawa kabla ya kupimwa? Asile?

Asiache dawa, isipokuwa daktari wake ameagiza. Kukatisha fenobabitoni, dawa ya kifafa, ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma, na degedege hilo huua. Ale chakula kama kawaida, kwa kuwa njaa nayo hubadilisha mawimbi. Beba dawa zote na maboksi yake, za mitishamba pia, umwonyeshe fundi. Diazepamu, dawa ya kutuliza, huongeza beta, na klozapini, dawa ya skizofrenia, inaweza kuleta mawimbi ya polepole na hata miiba. Asiyejua mgonjwa anameza nini atasoma dawa akidhani anasoma ugonjwa.

Kama ameagizwa akeshe, mtu mzima akeshe naye. Usiku wa Julai huku kwetu watu hukaa karibu na moto, na mwenye kifafa aliyechoka anaweza kuuangukia. Makovu ya moto ni mengi mno kwa wagonjwa wetu. Daktari Louise Jilek-Aall aliyeanzisha kliniki ya kifafa Mahenge, ng'ambo ya bonde la Kilombero, karibu mwaka 1960, aliyakuta yaleyale.

Twende wapi?

Anzeni kwenye kituo kilicho karibu, mpate rufaa. Kabla ya kupanda basi, iwe ni kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, Mirembe Dodoma au Muhimbili Dar es Salaam, pigeni simu muulize mambo matatu: mashine inafanya kazi wiki hii? Fundi yupo? Nani anasoma majibu, na yanachukua siku ngapi? Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800. Nimewaona watu wakirudi na karatasi ya michirizi ambayo hakuna aliyeisoma.

Wazee wanasema amelogwa. Tuache tiba za jadi na maombi?

Sibishani na wazee, na sijawahi kuona ugomvi wa ukoo ukimponya mgonjwa. Ninachoomba ni kimoja: dawa za hospitali zisikatizwe. Asifungwe minyororo, asinyimwe chakula kwa jina la kufunga, asichanjwe kwa wembe uliotumika. Na akianguka asitiwe kijiko mdomoni. Kifafa hakiambukizi kwa mate, aleni naye sahani moja.

Majibu tumeyapata. Tufanye nini nayo?

Soma aya ya mwisho ya ripoti, ndiyo yenye hitimisho la msomaji. Ikisema "kawaida," mpelekee daktari aliyemtuma mgonjwa, usiiache nyumbani kwa kudhani haina kazi. Ikitaja miiba, muulize iko upande gani na kama CT inahitajika. Ikitaja mawimbi ya polepole, muulize kama yametokana na dawa au na ugonjwa wa mwili.

Ipige picha kwa simu. Ile ya asili iweke kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki, hasa ninyi wa Rungwe na Kyela ambao mvua zenu haziachi karatasi salama. Daktari wa miaka mitano ijayo ataitaka ailinganishe na mpya. Nyuma yake andika kwa kalamu tarehe ya kila tukio, aliyeliona, na kitu cha kwanza kabisa ambacho mgonjwa alifanya.